Dende hakulala nje: historia fupi ya mnyama wa jikoni

Wiki hii tulipanga kuandika juu ya mpaka wa Salia Musala, pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Hiyo itangoja. Jumamosi usiku, tukiwa bado Koboko baada ya mkutano, simu ilileta ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yetu mmoja. Wa zamani katika kikundi mnamkumbuka. Alikaa nasi miaka kadhaa Lobule, kisha akahamishiwa Kanada na watoto wake wawili. Alikuwa anaongea haraka:

"Ba ndugu, huku baridi iko mingi. Dende za mtoto zilikuwa mbili, moja imekufa, imebaki moja tu. Mwenye nyumba anakataa banyama ndani. Iko inje, kwa kabanda ya vyombo. Leo usiku baridi itashuka mpaka kumi na nane chini ya sifuri. Tuifanye je?"

Wengine wetu walicheka kwanza. Si kwa ubaya, ila sisi wa West Nile barafu tunaijua ya friji tu. Baridi yetu ni mvua ya Agosti turubai likivuja, au ule upepo wa alfajiri wa Januari. Lakini ndugu yetu anayetoka Walungu, Kivu Kusini, yeye hakucheka. Alichukua simu akauliza kitu kimoja tu: "Tangu lini analala peke yake?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kwa msiomjua: dende ni yule mnyama mdogo mnene, hana mkia, masikio mafupi, analia "kwii kwii" akisikia mtu analeta majani. Tanzania wanamwita simbilisi. Waliosoma kwa Kifaransa wanasema kobayi. Ana uzito wa kilo moja hivi, mara nyingi chini ya hapo. Watu wa Kivu wanamla, Wazungu wengi wanamfuga kama paka, na madaktari wamemtumia kwa majaribio. Mnyama ni yuleyule.

Tulichomjibu usiku ule

Tulimwambia dada: usiku huu asilale nje. Mpigie mwenye nyumba sasa hivi, mwombe usiku mmoja tu, hata kwenye korido. Mengine mtaongea kesho.

Chukua boksi kubwa la karatasi ngumu. Liinue kidogo juu ya sakafu, tandika magazeti, kisha jaza nyasi kavu nyingi, kiasi kwamba mnyama anaweza kujizika ndani yake. Nyasi ikilowa, itoe. Unyevu na upepo vinaua haraka kuliko baridi kavu. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, upande mmoja tu wa boksi, ili akisikia joto limezidi aweze kuondoka. Usimweke karibu na hita. Kiwango kinachomfaa ni kama nyuzi 18 hadi 23, na joto likipita 27 au 28 linaweza kumuua pia. Funika boksi kwa blanketi, lakini acha hewa ipite.

Chakula kisiishe usiku. Maji yaangaliwe yasigande. Shika masikio na miguu yake. Kama ni ya baridi, amejikunja, hasogei, mweke kifuani ndani ya nguo na umpashe taratibu. Asipokula mpaka asubuhi, tafuta daktari wa mifugo, maana tumbo la dende likisimama siku moja, kumponya ni vigumu.

Dada akauliza: mbona majirani wengine wanafuga nje na hawafi? Ni kweli, wako wanaofuga nje. Lakini hao wanaanza wakati wa joto, manyoya yanazoea polepole, wanyama ni wanne au watano ndani ya nyumba ya mbao yenye nyasi tele. Dende aliyezoea ndani, ukamtoa katikati ya majira ya baridi, tena peke yake, hana lolote kati ya hayo.

Basi, dada akafanya vile. Sisi tukabaki tunabishana mpaka saa sita usiku: huyu mnyama ametoka wapi, na nani aliamua kwamba aishi nje?

Mnyama wa milimani

Dende si wa Afrika. Ametoka milima ya Andes, Amerika Kusini, nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia na Ekwado. Watu wa kule walianza kumfuga zaidi ya miaka 5000 iliyopita, kwa ajili ya nyama. Wanamwita cuy, jina linalofanana na sauti yake. Mji wa Cusco uko kwenye mita 3400 hivi juu ya bahari, usiku baridi inauma. Mtu atasema: kumbe amezoea baridi! Hapana. Ndugu zake wa porini wanaishi kwa makundi ndani ya majani marefu, na yule wa kufugwa aliishi jikoni. Mpaka leo, katika nyumba nyingi za vijijini kule, cuy wanazunguka karibu na jiko, wanakula maganda na majani, wanalala wamebanana pembeni ya moto.

Katika kanisa kuu la Cusco kuna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katikati ya karne ya 18. Juu ya meza, mbele ya Yesu, kuna sahani yenye mnyama aliyechomwa, na watu wa Cusco wanasema huyo ni cuy. Kwa hiyo kwao si kitu cha kuchezea. Ni chakula cha heshima, na chakula cha heshima hakiachwi nje usiku.

Wahispania walipoiteka nchi ya Inka katika karne ya 16, meli zikamchukua mnyama huyu mpaka Ulaya. Hapo ndipo alipopewa majina ambayo si yake. Waingereza walimwita nguruwe wa Guinea, na hatoki Guinea, wala si nguruwe. Wafaransa wakamwita nguruwe wa India. Wajerumani wanamwita kinguruwe cha baharini, na hajui kuogelea safari ndefu. Tulicheka sana hapo, kwa sababu kuna kati yetu waliowahi kuandikwa kwenye karatasi nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga, na kurekebisha kukachukua miezi.

Barafu ya Paris

Sasa sikilizeni hii. Majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, wanasayansi wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walitengeneza chombo chenye barafu pande zote. Katikati yake wakaweka dende mmoja. Walitaka kupima joto linalotoka mwilini mwake kwa kupima barafu inayoyeyuka. Kwa saa 10, mnyama yule mdogo aliyeyusha aunsi 13 za barafu. Kwa vipimo vya leo ni kama gramu 400, yaani karibu vikombe viwili vya maji.

Kutokana na kazi hiyo walieleza kwamba kupumua ni aina ya kuwaka polepole. Hewa tunayovuta inachoma chakula ndani yetu kama vile moto unavyochoma kuni, ila bila mwali. Leo mwanafunzi wa sekondari anasoma jambo hilo kwa dakika tano, lakini lilithibitishwa kwa mnyama mmoja, peke yake, aliyezungukwa na barafu.

Tuliposoma hapo ndugu wa Walungu akasema, "Si mnaona?" Hesabu iko wazi. Dende ana moto wake ndani, lakini ni moto mdogo, na kuni zake ni majani anayokula. Mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko mkubwa. Wakiwa watatu wamebanana, ubavu wa mmoja unakuwa ukuta wa mwenzake, na ile kazi ya kuyeyusha barafu inagawanywa. Akiwa mmoja, pande zote nne ni barafu. Lazima ale zaidi, na kama maji yameganda na nyasi imelowa, hawezi kula zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza halikuwa "baridi ni nyuzi ngapi?" Lilikuwa "tangu lini analala peke yake?"

Kobayi, na mgao wa nafaka

Karne iliyofuata, dende akaingia maabara. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba ameona kijidudu cha kifua kikuu, dende walikuwa kati ya wanyama aliowaambukiza kuthibitisha. Kwa hiyo katika Kifaransa, na hata katika Kiswahili chetu cha Kongo, "kobayi" ni mtu anayefanyiwa majaribio. Ndugu zetu wa mashirika, mnatusoma, tuseme ukweli: neno hili linasikika sana kwenye makambi, kila mradi mpya unapokuja na fomu zake na kuondoka baada ya miezi sita bila kurudisha majibu. Hatusemi kwa hasira. Tunasema ili mjue.

Lakini kuna jaribio moja linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1907, huko Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha dende nafaka tu. Dende wakapata kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu uliokuwa unaua mabaharia. Walipopewa vyakula vibichi kama kabichi, walipona au hawakuugua kabisa. Kumbe dende, kama binadamu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Mbuzi anaweza, panya anaweza, sisi na dende hatuwezi.

Tungefikiri dunia ilijifunza. Lakini miaka ya 1980 kiseyeye kilipatikana katika kambi za wakimbizi Somalia, Sudan na Ethiopia, kwa watu waliokuwa wanaishi kwa mgao wa nafaka, maharage na mafuta. Majibu yalikuwa yameandikwa miaka zaidi ya 70 kabla. Kwa hiyo mama wa Lobule anayebana bustani ya dodo na sukuma nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja kidogo, anafanya jambo kubwa, hasa tangu mgao ulipoanza kupunguzwa. Na dada yetu kule Kanada tulimwambia: kila siku mpe dende kipande cha pilipili hoho au majani mabichi, hata kama dukani ni ghali wakati wa baridi. Nyasi kavu peke yake inampa joto, lakini haimpi vitamini hiyo.

Jikoni kwa Kivu

Afrika Mashariki na Kati dende amezoea hasa nchi za milimani. Nyanda za juu kusini za Tanzania, kama Njombe na Iringa, wanamfuga. Kule baridi ya Juni na Julai si mchezo. Kwenye uwanda wa Kitulo hata umande unaganda. Na kwenye milima ya Kivu Kusini, Kabare na Walungu, dende ni mnyama wa kila siku.

Ndugu yetu alituelezea kwa nyanya yake. Jiko lilikuwa nyumba ya peke yake, mafiga matatu katikati. Dende walikuwa kumi na zaidi, hakuna banda, wanapita chini ya kitanda na nyuma ya mitungi. Watoto wakitoka shule walileta nyasi na majani ya viazi. Usiku nyanya alifunika makaa kwa majivu ili yasife, na dende wote walisogea pale kama mkeka. Kulikuwa na shida pia: paka, panya wakubwa, moshi, na kuzaana ndugu kwa ndugu mpaka wanakuwa wadogo. Watafiti wa CIAT waliofanya kazi na wafugaji Kivu Kusini walihimiza vibanda na kubadilishana madume. Hayo ni mawazo mazuri. Lakini hata kibanda kilipojengwa, nyanya alikijenga ndani ya jiko.

Halafu vita. Kuanzia 1996, tena 1998, ng'ombe wa Bushi waliporwa. Kwa Bashi ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni benki. Ng'ombe anaonekana toka mbali. Mbuzi analia. Dende anaingia ndani ya kikapu chini ya nguo. Familia nyingi zilizobaki bila kitu zilianza tena kwa dende wawili, jike na dume. Mimba yake ni miezi miwili na siku chache, watoto wanazaliwa macho wazi na manyoya tayari, na siku hiyohiyo wanaanza kuonja majani. Mara nyingi mwenye mali alikuwa mtoto au mama, si baba. Ukiuza mmoja unapata daftari. Ukichinja mmoja watoto wanakula nyama bila kungoja Krismasi. Si utajiri, lakini familia ikibaki na wawili inaanza upya. Ikibaki na mmoja, hakuna kinachozaliwa.

Mzee wa Koboko

Tulimsimulia haya mzee mmoja hapa Koboko, Mkakwa, ambaye huja kutuangalia kwenye mikutano. Akatabasamu. Alisema dende anamjua toka utoto.

Wengi wetu tunasahau kwamba wenyeji wetu walikuwa wakimbizi kabla yetu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka 1980, watu wengi sana wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Wengine hawakurudi mpaka karibu 1986 na baadaye. Mzee alikuwa mvulana. Walivuka mvua ikinyesha, wakapokelewa na familia upande wa Zaire. Nyumba kubwa ilikuwa imejaa, hivyo wakapewa jiko. Usiku wa kwanza aliona vitu vinatembea kwenye majivu, akapiga kelele akidhani ni panya. Mama mwenye nyumba akaja na taa, akacheka, akamwambia, "Hao ni watu wa hapa, walikutangulia. Sogea nao."

"Nilidhani wametudharau kutulaza jikoni," mzee alisema. "Mama yangu akanikatalia. Alisema, hapa ndipo penye moto."

Watatu kati yetu tulifika Imvepi mwaka 2017 bila mzazi. Tunakumbuka usiku wa kwanza. Blanketi tulipewa, biskuti tulipewa, maji tulipewa, na tunashukuru. Lakini usingizi ulikuja siku ile mama mmoja ambaye hatukumjua alipotandika mkeka akasema watoto wote walale pamoja. Hatusemi mtoto ni sawa na dende. Tunasema ile orodha ya vitu, hata ikikamilika, haijibu swali la ndugu wa Walungu. Ndugu wa mashirika, mnapomwandika mtoto aliyefika peke yake, mkishaandika blanketi moja na sufuria moja, ulizeni pia: huyu leo analala na nani?

Mwenzake

Uswisi, tangu mwaka 2008, kanuni za kulinda wanyama zinasema dende asifugwe peke yake, kwa kuwa ni mnyama wa kundi. Mmoja akifa, mwenye kubaki anatafutiwa mwenzake, na kuna watu walioanza kuazimisha dende kwa ajili hiyo. Wenzetu wengine hapa waliona ni mambo ya watu walioshiba. Ndugu wa Walungu akasema nyanya yake alijua hilo bila sheria: hakuwahi kumpa mtu dende mmoja. Ukienda kuomba, anakupa wawili, au anakwambia urudi mwezi ujao.

Habari za dada ni hizi. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alikuwa hajaelewa. Amekubali boksi likae chini, chumba cha mashine za kufulia, mpaka theluji iishe. Dende anakula. Mtoto anashuka kila jioni na majani yake, na tunaambiwa anamwimbia. Sasa dada anatafuta mwenzake kwenye kituo cha kutunzia wanyama. Tumemshauri asichanganye siku ya kwanza: mgeni akae mbali kama wiki mbili iangaliwe afya yake, kisha waya katikati wanusane, ndipo wafunguliwe mahali kusiko na harufu ya mmoja wao. Jike kwa jike, au dume aliyehasiwa na jike. Na sungura si mwenzake, msidanganywe. Anaweza kumpiga teke la kumuumiza.

Tukiwa tunamaliza kuandika haya, mvua imeanza Koboko. Kama nyumbani kwenu mlifuga dende, iwe Kivu, Ituri, Njombe au kwingine, tuambieni walilala wapi na nani alikuwa mwenye mali. Wazazi wenu waulizeni pia, kabla hawajasahau. Salia Musala tutaiandika mwezi ujao, tukijaliwa.